Kununua na Kuuza Pikipiki ya Spoti ya Zamani Mbeya, Iringa na Njombe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka kununua au kuuza pikipiki kubwa ya spoti iliyotengenezwa kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Pikipiki ya spoti ya zamani ni ipi hasa?

Kwa lugha ya wanunuzi, ni pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya kasi na kona, yenye umri wa miaka ishirini na kuendelea, ambayo watu bado wanaitafuta kwa jina lake. Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo iliyowazoesha waendeshaji wa kawaida injini ya silinda nne pamoja na breki ya diski mbele. Baadaye zikaja Kawasaki GPZ900R ya 1984, Suzuki GSX-R750 ya 1985, Honda CBR900RR ya 1992, Ducati 916 ya 1994 na Yamaha YZF-R1 ya 1998, na kila moja kati ya hizo ina wapenzi wake hadi leo.

Uzee peke yake hautoshi. Pikipiki yenye kava za kuungaunga, tanki la aina nyingine na injini iliyotolewa kwenye pikipiki tofauti ni pikipiki kuukuu tu, hata kama dalali ataiita ya kihistoria.

2. Je, barabara za huku zinaifaa?

Lami ipo ya kutosha: barabara kuu ya kutoka Iringa kupitia Makambako na Mbeya hadi Tunduma, ile ya Makambako kwenda Njombe na Songea, ya Uyole kwenda Tukuyu na Kyela, na ile inayopanda kutoka mjini Mbeya kwenda Chunya. Kwa kona na mandhari, ni vigumu kupata kwingine nchini panapozidi hapa.

Shida ziko pembeni. Pikipiki hizi zimekaa chini, na bomba la ekzosi hupita chini kabisa ya injini, kwa hiyo matuta ya vijijini huligonga. Kwenye miteremko kama Kitonga kuna malori yaliyoelemewa na oili iliyomwagika kwenye kona. Asubuhi za Juni na Julai upande wa Njombe na Isyonje kuna ukungu na baridi inayotia ganzi vidole, navyo ndivyo vinavyoshika klachi na breki. Hata hivyo, kinachowakwamisha wengi ni kipande kifupi cha kutoka lami hadi nyumbani: kama wakati wa mvua za Januari bodaboda huteleza hapo, pikipiki ya kilo 200 yenye matairi ya lami haitapita, na utalazimika kuiegesha kwa mtu.

3. Ninahitaji leseni ya aina gani?

Daraja A ndilo linalohusu pikipiki zinazozidi cc 125, na daraja A1 ni la zile ndogo. Mwenye A1 pekee hapaswi kuipeleka pikipiki ya cc 400 barabarani, na akipata ajali atajikuta pabaya mbele ya kampuni ya bima. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, na kofia ngumu vilevile.

4. Nichague ya ukubwa gani kama hii ni ya kwanza?

Aliyezoea bodaboda ya cc 150 asianze na lita moja. R1 ya 1998 ina cc 998 na uzito mkavu (bila petroli na oili) wa kilo 177, na wala haina mfumo wowote wa kielektroniki wa kumzuia mtu aliyezidisha resi kwenye kona yenye mchanga.

Chaguo lenye busara ni zile za cc 400 zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, kama Honda VFR400R, Honda CBR400RR na Kawasaki ZXR400. Zilikuwa nyingi kwa sababu leseni ya kati ya Wajapani iliishia cc 400, kwa hiyo viwanda viliweka ufundi wa pikipiki kubwa ndani ya umbo dogo. Za cc 250 za huko nazo ni tamu, ila zina jambo la kuangalia: Japani, pikipiki isiyozidi cc 250 haipiti kwenye ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara unaozihusu zile kubwa, na baadhi yake ziliachwa miaka mingi bila mtu kuzishughulikia.

Za piga mbili (two-stroke, zinazochoma oili pamoja na petroli), kama Yamaha RD350LC ya 1980, zinahitaji mtu anayezielewa. Pampu ya oili ikikosea kidogo, pistoni inaganda.

## Karatasi

5. Nianze kukagua injini au karatasi?

Karatasi, tena kabla ya kupanda basi kwenda kuiona. Injini mbovu inatengenezeka kwa fedha. Pikipiki isiyo na usajili unaoeleweka inaweza kubaki pambo la sebuleni. Mwombe muuzaji picha ya kadi ya usajili pande zote mbili, kisha linganisha mambo manne: jina lililoandikwa na kitambulisho cha anayeuza, namba ya usajili (za pikipiki huanza na MC), namba ya chesisi na namba ya injini. Baada ya hapo hakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) na uangalie kama inadaiwa faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi, kwa kuwa madeni hayo yatakusumbua wewe utakayekutwa nayo barabarani.

Kauli ya “kadi ipo kwa ndugu yangu Dar” haina uzito wowote hadi kadi iwe mezani.

6. Namba ya chesisi iko wapi, na nitajuaje kama imechezewa?

Kwa nyingi iko shingoni, pale usukani unapoingia kwenye chesisi, upande wa kulia. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, futa vumbi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni badala ya kuielekeza moja kwa moja, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha mabonde. Herufi za kiwandani zina kina kinacholingana na zimesimama kwenye mstari mmoja. Ukiona sehemu iliyong’arishwa kwa tupa, rangi nzito kuliko ya chesisi nzima, au tarakimu moja iliyozama kuliko wenzake, mshukuru muuzaji na uondoke.

Usishtuke ukikuta namba fupi. Pikipiki za soko la ndani la Japani hazitumii namba ya herufi na tarakimu 17 kama zile za Ulaya na Marekani. Zina kifupi cha aina, kistari na namba ya mfululizo. VFR400R ya 1989, kwa mfano, huanza na NC30.

7. Kadi ina jina la marehemu, au imepotea. Je, ninunue?

Kama mwenye jina amefariki, anayeruhusiwa kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na wala si mtoto mkubwa au mjomba anayeishi na pikipiki hiyo. Omba nakala ya uteuzi wake, na jina lake ndilo liwe kwenye hati ya mauziano.

Kama kadi imepotea, muuzaji atoe taarifa ya upotevu polisi na afuatilie kadi nyingine TRA kwa jina lake kabla hujalipa. Wauzaji wengi humwomba mnunuzi afanye kazi hiyo ili “apunguziwe bei”. Punguzo hilo hukubalika tu kwa anayenunua pikipiki ya kutolea spea.

8. Kuna moja Tunduma ina namba za Zambia na bei yake ni nzuri. Vipi?

Bei hiyo haijaingiza kodi, na ndiyo maana inapendeza. Chombo chenye namba za Zambia au Malawi kinaruhusiwa kuingia kwa muda kwa kibali cha forodha. Kukiuza hapa bila kukiingiza rasmi na kukilipia ushuru ni kosa, na kinaweza kukamatwa mikononi mwako. Nenda mwenyewe kwa wakala wa forodha mwenye leseni, mpe namba ya chesisi na mwaka wa kutengenezwa, akupe makadirio ya kodi zote, ikiwemo VAT ya asilimia 18, halafu ujumlishe na bei uliyotajiwa. Mara nyingi hesabu ikikamilika, ile ya Iringa iliyokuwa ghali ndiyo inayogeuka kuwa rahisi.

Tahadhari hiyohiyo iwepo kwa pikipiki zilizoletwa na wafadhili au watu wa miradi, zenye namba za DFP au zilizoingia kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa aliyepewa. Chombo kikihamia kwa mtu asiyestahili, kodi inadaiwa.

## Kukagua chombo chenyewe

9. Nikifika kuiona, nianzie wapi?

Mpigie muuzaji siku moja kabla na umwombe asiiwashe hadi ufike. Ukifika, gusa injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini, na ikibidi subiri ipoe, kwa kuwa pikipiki yenye kompresheni dhaifu huficha ugonjwa wake ikishapashwa moto. Asubuhi ya baridi ya Mafinga au Uyole ndiyo saa nzuri ya kuipima: vuta choki, iwashe, usipige resi. Moshi mweupe unaokwisha baada ya dakika chache ni mvuke. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili. Moshi mweusi una habari zake (tazama swali la 10).

Wakati inapata moto, chuchumaa uangalie foku za mbele. Kwenye nguzo zinazong’aa, tafuta duara la oili iliyoshika vumbi. Likiwepo, sili zimekwisha. Pitisha ukucha juu hadi chini, na ukikwaruzwa na kutu au kijishimo, hata sili mpya zitakatika upesi. Kisha vuta cheni kwa nyuma kwenye sproketi: ikiinuka hadi jino lionekane nusu, andika cheni na sproketi kwenye orodha ya gharama.

Umeme upimwe kwa mita. Injini ikiwa kwenye mizunguko kama 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, betri ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5. Chini ya hapo haichaji, juu ya hapo inaunguza betri, na kwenye Honda nyingi za miaka ya 1980 na 1990 mshukiwa wa kwanza ni regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri.

10. Dar es Salaam ilikuwa inaenda vizuri, huku Mbeya inakohoa na kutoa moshi mweusi. Nimetapeliwa?

Pengine hapana. Mbeya iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta haina akili ya kulijua hilo. Inaendelea kumwaga petroli ileile kwa hewa iliyopungua, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi makavu na nguvu inapungua. Njombe, iliyo juu zaidi, hali ni mbaya zaidi.

Dawa yake ni kubadilisha jeti kuu kwa zenye tundu dogo na kurekebisha skrubu za hewa, kazi ambayo fundi mtulivu anaimaliza kwa siku moja kwenye kabureta nne, ikifuatiwa na kuzilinganisha kwa geji ya mvuto. Fundi akikuambia aongeze hewa kwa kuondoa chujio, mkatalie, kwa sababu vumbi la kiangazi litakula silinda. Tunza jeti za zamani kwenye mfuko ulioandikwa, maana atakayeinunua kwako huenda akairudisha pwani. Na hata ikishapangwa vizuri, usitegemee nguvu zilizoandikwa kwenye kitabu chake. Hizo zilipimwa karibu na usawa wa bahari.

Zile za sindano za umeme, zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, hujirekebisha zenyewe kwa kiasi kikubwa. Ikiwa ya namna hiyo inatoa moshi mweusi, basi kweli ina ugonjwa.

11. Imekaa stoo miaka mingi lakini “injini haijaguswa”. Je, ni nafuu au balaa?

Inategemea ilihifadhiwaje. Petroli iliyoachwa huacha gundi ya kahawia yenye harufu ya vanishi, na ukifungua bakuli la kabureta utaiona imekauka juu ya jeti, wakati mwingine na unga wa kijani kwenye shaba. Mulika ndani ya tanki: kutu nyepesi inasafishika, magamba yanayomeguka yanaleta tundu. Unyevu wa Tukuyu na Rungwe ni adui mkubwa kuliko baridi ya Iringa katika jambo hili.

Kabla ya kupiga stati, toa plagi, weka oili kidogo kwenye kila silinda na uzungushe injini taratibu kwa mkono. Ikigoma, bei ihesabiwe kama ya spea. Ikizunguka, badilisha oili, chujio, mafuta ya breki na mipira ya petroli ndipo uiwashe. Ducati nyingi huwa na mikanda ya mpira inayoendesha valvu. Mikanda ya zamani ibadilishwe kwanza hata ikionekana mizima, kwani ikikatika valvu hugonga pistoni.

12. Matairi yana meno ya kutosha. Kwa nini fundi anasema niyatupe?

Kwa sababu mpira huzeeka hata bila kutembea. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi za DOT: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi hilo limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Tairi gumu linaonekana zuri na linateleza kwenye lami yenye unyevu.

13. Nitaaminije kilomita za dashibodi?

Zitazame kama madai tu. Linganisha na mipira ya kuwekea miguu, mikono ya usukani, kingo za tanki palipogusana na magoti, na unene wa diski. Kumbuka pia kwamba pikipiki iliyotoka Uingereza au Marekani husoma maili: maili 30,000 ni zaidi ya kilomita 48,000. Spidometa inayoishia 180 kwenye pikipiki kubwa haimaanishi kwamba imebadilishwa. Ndivyo zilivyokuwa za soko la ndani la Japani.

## Bei na malipo

14. Bei halali ni ipi?

Hakuna orodha ya bei, na anayesema ipo anaitumia kukubana. Njia inayofanya kazi ni kuanza na bei ya pikipiki ya aina hiyo ikiwa safi na yenye kadi, kisha kutoa gharama za kila kitu ulichoandika wakati wa ukaguzi: jozi ya matairi, cheni na sproketi, sili za foku, betri, usafirishaji wa spea kutoka nje. Mwonyeshe muuzaji karatasi yenyewe. “Maongezi yapo” hugeuka maongezi ya kweli pale kila shilingi unayoipunguza ina jina lake.

Ikiwa kuna dalali, uliza mapema analipwa na nani. Dalali anayeweka cha juu kimyakimya hatakuruhusu uzungumze na mwenye mali, na hiyo ndiyo dalili yake.

15. Nilipeje kwa usalama?

Kutaneni benki mchana, hati ya mauziano ikiwa imeandaliwa na wakili, yenye majina, namba za vitambulisho na TIN za pande zote mbili, namba za chesisi na injini, bei na mashahidi. Fedha ziingie kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Usitume malipo ya awali kwa pikipiki ambayo “imezuiliwa forodhani, inabaki ushuru kidogo”. Hadithi hiyo ni ya zamani na bado inawala watu.

## Kwa anayeuza

16. Niitengeneze kwanza au niiuze ilivyo?

Tengeneza vitu vidogo vinavyomzuia mtu kuijaribu: betri, pedi za breki, taa, kabureta chafu. Acha rangi. Mnunuzi wa pikipiki ya zamani huiogopa rangi mpya kwa kuwa hajui imefunika nini, na anapenda zaidi mkwaruzo anaouona. Tena, ukibadilisha rangi au injini, taarifa za usajili zinapaswa kubadilishwa TRA, na usipofanya hivyo mnunuzi makini atakwama kwenye hatua ya swali la 5.

Ekzosi, kava na vioo vya asili ulivyovitoa, vitafute hata kama viko darini kwa shemeji. Pikipiki yenye vitu vyake vya kiwandani huwavutia wanunuzi wa Dar na Nairobi. Yenye ekzosi ya kelele huwavutia vijana wa mtaani wasio na fedha.

17. Mnunuzi anataka kuijaribu. Nimruhusu?

Mruhusu akikuonyesha leseni ya daraja sahihi (swali la 3), akiwa amevaa kofia na mavazi ya kumkinga, na fedha zote za bei zikiwa mikononi mwa mtu mnayemwamini nyote wawili. Andikeni kwamba akiiangusha ameinunua. Mpangie njia yenye kilima na mteremko, kwa mfano kutoka Uyole kupanda upande wa Isyonje na kurudi, maana barabara ya tambarare haionyeshi klachi inayoteleza wala breki zinazochoka.

18. Nimeuza, mnunuzi hajabadilisha jina. Nifanye nini?

Hadi umiliki uhamishwe TRA, jina lako ndilo linaloitwa faini au ajali ikitokea. Hati ya mauziano itakusaidia kujitetea, lakini ni bora kuzuia kuliko kujitetea: nendeni TRA pamoja siku ya malipo, na kama haiwezekani, hifadhi nakala ya kitambulisho chake na uandike saa ya makabidhiano. Usikubali kauli ya “nitabadilisha nikifika Songea”.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nimenunua Dar. Niiendeshe hadi Mbeya au niipakie?

Ipakie. Pikipiki usiyoijua, yenye sili na mipira ya zamani, haipaswi kujaribiwa kwa zaidi ya kilomita 800 pamoja na Kitonga. Kwenye fuso ifungwe kwa mikanda inayopita kwenye chuma cha chini cha usukani na kwenye chesisi nyuma, kamwe isifungwe kwenye kava au mikono ya usukani. Petroli itolewe, waya wa betri ufunguliwe, na isilazwe.

20. Spea za bodaboda zinaweza kutumika?

Chache sana: taa za indiketa, waya, fyuzi. Cheni za bodaboda nyingi ni za ukubwa wa 428, wakati nyingi kati ya pikipiki hizi hutumia 520, 525 au 530. Oili ya injini iwe na alama ya JASO MA (kiwango cha Japani cha oili za pikipiki), kwa sababu kwenye nyingi kati yake klachi inaoga kwenye oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

21. Taa kubwa inawakera wanaokuja mbele ingawa nimeishusha. Kwa nini?

Huenda pikipiki ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama Ujerumani, Ufaransa au Marekani, na kioo chake hurusha mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa dereva anayekuja. Kuishusha hakusaidii. Tafuta taa ya toleo la Uingereza au Japani, ambako huendesha kushoto kama sisi, na gharama yake uiingize kwenye hesabu ya swali la 14 kabla ya kununua.